Moshi Hauulizi Kabila

Apandaye Mgeta asubuhi ya baridi huona moshi ukipenya mapaa ya nyumba. Ndani yumo mama akipuliza kuni, mtoto mgongoni. Mwaka 2013 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba hewa chafu ya nje huleta saratani ya mapafu. Moshi wa kuni walikwisha kuuhesabu miongoni mwa vitu vinavyoelekea kuileta. Huko Marekani watu Weusi huvuta hewa chafu zaidi kuliko Wazungu, si kwa damu yao, bali kwa kuwa wengi wao hukaa kando ya viwanda na barabara kuu. Basi Mluguru asiseme mapafu yake yamezoea. Na baba (nasi makasisi tulao chakula hicho tusijitoe) atoboe dirisha jikoni kabla ya masika.