Mwachie Mzee Kipanya

Likizo ikifika, wengi wetu tutashuka stendi ya Kitale au Bungoma na kompyuta begani. Chai haijamiminwa, shangazi ataomba: "Nitafutie ile karatasi yangu." Nasi tutamtafutia, tuiprinti, tumkabidhi, kisha turudi mjini. Safari hii hapana. Safari hii tumfundishe aitafute mwenyewe!

Haja ipo, tena kubwa. Tangu 2014 serikali inahamishia huduma zake kwenye eCitizen, na Juni 2023 ilitangaza kuwa zimefika 5,000. Mwalimu mstaafu wa Kimilili anayefuatilia pensheni, mkulima wa Kiminini anayehitaji nakala ya hati ya shamba, mama wa Chwele anayemtafutia mjukuu cheti cha kuzaliwa: mambo yao yote sasa yamo ndani ya faili. Asiyejua faili yake iko wapi hulipa saiba kila mara, na nakala za kitambulisho na hati yake zikabaki kwenye kompyuta ya watu. Karatasi za mzee ni mali yake na siri yake. Azitunze mwenyewe.

Usiniambie amezeeka. Mwaka 2004 Kimani Ng'ang'a Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret, jirani zetu hapo, akiwa na miaka 84. Na M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, nani alidhani nyanya zetu wangeiweza? Leo wanatuma pesa, wanaficha namba ya siri, na hawamwachii mteja gunia la mahindi kabla ya ujumbe kuingia. Waliweza kwa sababu pesa ni zao na simu iko mkononi mwao. Kompyuta nayo ifundishwe vivyo hivyo: kwa karatasi zake, kwa mkono wake.

Anzia kwenye sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Muulize amepangaje karatasi zake. Atakutajia bahasha ya shamba, ya hospitali, ya shule. Mwache atengeneze folda tatu kwa majina hayo hayo, na kama Kibukusu ndicho kinachomkaa, ziandikwe kwa Kibukusu. Kisha fungueni folda ya Downloads. Humo mna faili inayoitwa scan0047, jina lisilomwambia mtu chochote. Aibadilishe jina iwe "Hati ya shamba", aikate, aibandike kwenye folda yake. Kidole kikitetemeka asiweze kubofya mara mbili ili kuifungua, abofye mara moja tu, halafu abonyeze Enter.

Sasa iondoe hofu. Mpe faili ya majaribio aifute makusudi. Utamwona anashtuka. Mwelekeze kwenye pipa la taka, airudishe mwenyewe. Akijua kwamba kosa lina dawa, atathubutu kujaribu hata ukiwa hupo. Ila mwonye: kwa kawaida kilichofutwa kwenye flashi hakipiti pipani, kwa hiyo kila hati muhimu iwe na nakala mahali pawili.

Utatamani kumnyang'anya kipanya ili mmalize haraka. Usithubutu! Mikono yako ikae mapajani. Mzee huyu alikungoja ulipokuwa ukipanda mahindi mistari imepinda. Hakukupokonya jembe, alikuonyesha tena. Mngoje na wewe. Akiuliza swali lile lile mara ya nne, lijibu kwa sauti ile ile ya mara ya kwanza.

Vijana wa Trans Nzoia na Bungoma, kazi hii haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji saa moja ya Jumamosi, folda tatu na subira. Kabla hujapanda matatu ya kurudi, mwombe yeye akutafutie hati ya shamba, nawe usiguse kitu. Akiipata, mpongeze kwa makofi, halafu mpe kazi: amwite jirani yake, amfundishe.