Uso wa Ng'ambo

Mei 8, 2024, wapita njia wa Dublin walikuta duara kubwa limesimamishwa karibu na O'Connell Street, na ndani yake watu wa New York wakiwapungia mkono papo kwa papo. Kazi hiyo, Portal, ni ya Benediktas Gylys, msanii wa Lithuania. Picha zilikwenda na kurudi mchana na usiku, bila sauti. Watu wakacheza, ndugu wakapeana miadi ya kuonana.

Wiki haikuisha, mambo yakaharibika. Upande wa Dublin, mtu aliinua simu yenye picha ya majengo pacha ya New York yakiungua. Upande wa pili, mwanamke alifunua kifua. Mtambo ukazimwa kwa siku kadhaa, kisha ukarudi kwa saa maalumu tu za siku, ukiwa na programu mpya: aliyeiziba kamera alisababisha ukungu kwenye picha ya pande zote mbili.

Emmanuel Levinas, mwanafalsafa Myahudi aliyezaliwa huko huko Lithuania, mjini Kaunas, mwaka 1906, aliyajenga maadili juu ya uso. Kwake, uso si macho na pua; ni mtu asiye na kinga anayekudai usimdhuru hata kabla hujaamua lolote. Sasa mbona nyuso hizi zilizaa ufidhuli?

Jibu jepesi ni kwamba skrini si uso. Halitoshi, maana waliopungiana mkono nao walitazama skrini ile ile. Levinas alishikilia kwamba uso husema, na hapa ulinyamazishwa: aliyeonyeshwa moto ule hakuweza kujibu hata kwa tusi, na aliyeuonyesha angeweza kujiendea zake. Dawa nayo ni ya ajabu kidogo. Uso ulitukanwa, wasimamizi wakaufuta.

Hata hivyo umbali na ukimya havielezi kila kitu. Mwaka 2007, Wafaa Bilal, msanii mzaliwa wa Iraq ambaye kaka yake aliuawa vitani, aliishi mwezi mzima katika jumba la sanaa mjini Chicago, mbele ya bunduki ya kurushia rangi ambayo yeyote mwenye intaneti angeweza kuifyatua. Ilifyatuliwa zaidi ya mara 60,000. Chumba kizima kikalowa manjano. Lakini walikuwepo pia waliokesha kwa zamu kwenye kompyuta zao, wakiusukuma mtutu upande mmoja ili usimwelekee, na hakuna aliyewatuma.