Je, Deni la Kitenge Hulipwa kwa Kura?

Kampeni ya uchaguzi wa mwaka 2023 ilidumu tangu tarehe 19 Novemba hadi 18 Desemba. Fikirini juu ya mama mjane, mwuza makala wa Katuba, mjini Lubumbashi. Mgombea mmoja ampa kitenge na unga. Mama apokea, hakuahidi neno. Mzee jirani amwambia: «Mama, umekula cha mtu, nawe umlipe. Mkono mtupu haulambwi.» Mama ahangaika, maana kukosa shukrani ni aibu. Je, ana deni?

Kwanza yafaa kuuliza mali hiyo yatoka wapi. Mwaka 2023 kila aliyegombea urais alitoa amana ya faranga 160,000,000, kabla hajanunua hata kofia moja ya kugawa. Asiyekuwa na mali nyingi husaidiwa na matajiri, nao mara nyingi hutaka kulipwa kwa vyeo au vibali vya machimbo. Wengine huchota katika sanduku la Serikali, ingawa sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006 yakataza kutumia mali, fedha na watumishi wa Serikali katika kampeni. Afanyaye hivyo ampa mjane kitenge kilichonunuliwa kwa kodi ya mjane mwenyewe. Basi, mwenye deni ni nani?

Pili, kura si mali ya mjane peke yake. Yahusu shule ya watoto, zahanati ya jirani na barabara ya wote. Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha siku moja; njaa ikarudi, haki haikurudi.

Kwa hiyo, aliyepokea kwa uhitaji, bila kuahidi, hana deni. Aliyekubali bei amekosa. Lakini hata yeye hafungwi na ahadi yake, kwa kuwa ahadi ya kutenda ubaya si halali. Kosa lililo kubwa zaidi ni la mnunuzi, afanyaye njaa ya maskini kuwa soko lake. Mwezi wa Januari 2024 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, rushwa na makosa mengine. Lakini Tume haioni kila mlango, wala haiingii moyoni mwa mtu.

Mama yule na ashukuru kwa kinywa, ajifunge kitenge chake, kisha aende kupiga kura pamoja na dhamiri yake. Hapo hakuna wa kumdai.