Abiria Naye Ana Wajibu

Basi likipinduka, neno la kwanza tusemalo ni kwamba dereva ana kosa. Mara nyingi ndivyo. Lakini je, wale walioona mwendo ukizidi wakanyamaza, hawana sehemu yao?

Huko Kenya, mwaka 2008, wataalamu walibandika ndani ya matatu zaidi ya 1,000 maneno ya kuwahimiza abiria wamkanye dereva aendeshaye vibaya. Katika magari hayo madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Barabara zilikuwa zile zile. Kilichoongezwa ni ruhusa ya kusema.

Basi wanaopanga kampeni za usalama barabarani wasiseme na dereva peke yake. Abiria mmoja huogopa kuchekwa au kushushwa njiani. Wote wakisema pamoja, nani atashushwa?

Kimya chetu twakiita adabu. Lakini amri ya tano haimhusu ashikaye usukani tu. Awezaye kuokoa uhai kwa neno moja, akalimeza neno lile, ana deni kwa jirani yake. Enyi wazazi, watoto wenu wawasikie mkilisema: "Dereva, punguza mwendo."