Ng'ombe wa Baba, Wito wa Mwana

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za Tanzania huingia katika shughuli moja: kuchagua kozi ya kuomba chuo kikuu. Furaha ya kufaulu haijapoa, na tayari mabishano yameanza. Baba ataka hiki, mama aona kile, mjomba aliye mjini naye ana neno lake, na mtoto mwenyewe mara nyingi hunyamaza. Yafaa, wasomaji wapenzi, tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana chini ya swali la kozi pana swali la haki: uchaguzi huu ni wa nani?

Tuchukue mfano wa Enguserosambu, huko Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya. Kwa mfugaji wa Kimasai wa mahali hapo, ng'ombe si fedha tu. Ni chakula, ni mahari, ni heshima, ni akiba ya siku ya ukame. Tuseme mzee mmoja amewatoa ng'ombe zizini, mmoja baada ya mwingine, mpaka binti yake amemaliza Kidato cha Sita na kupata alama nzuri za Fizikia, Kemia na Biolojia. Sasa mzee asema: "Mwanangu, nimeuza ng'ombe ili uwe daktari." Naye binti ajua moyoni kwamba kipawa chake ni kufundisha.

Tusimhukumu mzee huyu upesi. Watu wa Loliondo wajua daktari ni nini. Hospitali ya Wasso, iliyoanzishwa katika miaka ya 1960 na Padre Herbert Watschinger, aliyekuwa padre na tabibu kutoka Austria, imewafundisha thamani ya mkono unaoponya. Anayetaka mtoto wake awe na mkono kama huo hataki jambo baya. Tena deni analolitaja ni deni la kweli. Mtoto anayesema, "Maisha ni yangu," kana kwamba amejisomesha mwenyewe, amesahau Amri ya Nne.

Lakini deni hilo lalipwaje? Hapo ndipo penye fundo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipokuwa mtoto wa miaka kama mitano, wazazi wake walimpeleka kwa Wabenedikto wa Monte Cassino, wakitumaini kwamba siku moja atakuwa abate wa mahali pale. Alipokua akachagua Wadominiko, shirika la mafukara lililokuwa bado changa. Mwaka 1244 ndugu zake walimkamata njiani, na jamaa yake wakamfungia nyumbani muda wa mwaka mmoja hivi; hakubadili nia. Baadaye, akiandika juu ya utii, alifundisha kwamba watoto hawafungwi kuwatii wazazi wao katika kuchagua ndoa au useja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2230, yagusa jambo letu waziwazi: watoto wakisha kuwa watu wazima wana haki na wajibu wa kuchagua kazi yao, nao wazazi wasiwashurutishe, ingawa shauri lao la busara lafaa sana.

Tuone maneno hayo mawili yalivyokaa pamoja: haki na wajibu. Basi mzazi ana haki ya kuheshimiwa, kusikilizwa, kushukuriwa, na kutunzwa uzeeni. Kozi haimo katika hesabu hiyo, kwa sababu mzazi hawezi kuifanya kazi ile kwa niaba ya mtoto. Atakayekesha wodini miaka 30 si baba. Na mgonjwa atakayeangukia mikononi mwa daktari asiyependa udaktari, yeye alikopa ng'ombe wa nani hata alipishwe deni hilo?

Lakini wajibu nao una uzito wake kwa kijana. "Moyo wangu wapenda" si hoja ya kutosha. Moyo hupenda leo na kuchoka kesho. Kijana ajiulize mambo matatu. Je, kazi hii naijua, au nalijua jina lake tu? Je, nina kipawa chake, na wanaonifahamu wanakiona? Je, kuna mtu atakayefaidika nikiifanya vema? Binti yetu wa Enguserosambu akiyajibu hayo kwa ukweli, aweza kumwendea baba yake bila woga. Hata daktari wa Wasso aliketi kwanza mbele ya mwalimu wa Biolojia.

Kosa la tatu halitoki kwa baba wala kwa mwana, bali kwa dunia: kudhani kwamba alama kubwa zadai kozi kubwa, kana kwamba kuchagua ualimu ni kuzitupa. La hasha! Alama zaonyesha milango iliyo wazi. Hazisemi tuingie upi. Tena katika kozi zinazogombaniwa, kama udaktari katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, nafasi ni chache. Anayeichukua nafasi kwa ajili ya fahari, kisha akaiacha njiani, amemfungia mlango mwenzake aliyeitaka kwa moyo.

Shauri letu basi ni hili. Kwanza, familia isome pamoja mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, ikikumbuka kwamba kufikia sifa za chini siko kuchaguliwa. Pili, ihesabu safari nzima, wala si hatua ya kwanza tu: udaktari ni miaka 5 ya masomo na mmoja wa mafunzo kazini, na shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili wa mahakamani, bado kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Tatu, ikumbuke kwamba mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni, na aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nne, imtafute mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku, imwulize ugumu wake kabla ya kumwuliza mshahara wake.

Na la mwisho: mazungumzo yafanyike kabla ya maombi kutumwa. Kijana anayejaza kozi moja kwa siri na kumwambia baba nyingine hakutumia uhuru, ametumia uongo. Na mzazi anayetishia kuacha kulipa ada ili apate kutiiwa, amegeuza sadaka yake kuwa bei.

Wazazi wapenzi, mlipouza ng'ombe hamkumnunua mtoto, mlimfungulia njia. Ninyi vijana, njia hiyo ilifunguliwa kwa gharama ambayo hamkuilipa. Kaeni pamoja jioni moja, mseme ukweli, msikilizane mpaka mwisho. Na baba akisha kutoa shauri lake lote, amwachie mwanawe kalamu.