Kiongozi Hupimwa Lini?

Wengi husema, Kiongozi mwema ajulikana kwa kazi yake akiwapo. Sisi twaona yafaa apimwe akiisha kuondoka.

Tukumbuke mambo ya Kilimanjaro. Wamisionari wa Leipzig walifika huko mwaka 1893, wakajenga sharika na shule. Mwaka 1920, baada ya vita kuu, Serikali ya Kiingereza iliwaondoa. Je, kazi ilikufa? La. Walimu wenyeji waliishika, wakafundisha, wakakusanya watu siku za Jumapili. Wangaliwezaje, kama hawakuzoezwa tangu mbele? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kazi nayo ni vivyo hivyo.

Lakini hapo twaona na upungufu. Wachungaji wenyeji wa kwanza wa huko waliwekewa mikono mwaka 1934, yaani baada ya miaka 41. Kumwamini mtu nusu ni kumwacha katikati ya njia.

Wala tusiwahukumu wale wa kale tu. Sisi wachungaji nasi twapenda kushika funguo zote. Twasema, Nikimpa mwingine ataharibu. Kweli, huenda akaharibu. Nasi je, hatukujifunza kwa kuharibu? Kazi ing'aayo kwa nguvu za mtu mmoja hufifia akichoka, na huzimika akifa.

Basi, ndugu mwalimu, jiulize: siku utakapolala mgonjwa, ni nani ajuaye kuandika daftari ya usharika wako? Ikiwa hayupo, anza kumfundisha juma hili.