Namba ya Siri ya Mzee

Desemba 2021 serikali ya Dubai ilitangaza kwamba imeachana kabisa na karatasi katika shughuli zake. Mafanikio hayo yalihesabiwa kwa karatasi milioni 336 zilizookolewa. Hesabu hiyo haikumtaja mzee aliyezoea kwenda ofisini na bahasha mkononi, akasalimiana na karani, akarudi nyumbani na risiti yenye muhuri. Mambo yake sasa yamo ndani ya simu, na ufunguo wake ni UAE Pass, kitambulisho cha kidijitali ambacho pia hutia sahihi inayotambuliwa na sheria.

Kwa mzee wa Kiswahili, awe alihamia Ghuba baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 au aliletwa juzi na mwanawe mwenye ajira, jawabu huonekana jepesi: wajukuu wapo. Adabu ya pwani humtaka kijana amwondolee mkubwa wake taabu kabla hajaomba. Babu hachoti maji ilhali mjukuu ameketi. Ya nini basi ahangaike na kioo chenye herufi za kuumiza macho? Simu huchukuliwa mkononi mwake, vidole vikapita mbio, ikarudishwa. “Tayari, babu.” Babu hushukuru, asijue ni kipi kilichokuwa tayari.

Je, khidma ya namna hiyo ni heshima? Maji aliyochota mjukuu hubaki maji ya babu, lakini namba ya siri iliyokabidhiwa haibaki siri yake. Zamani asiyejua kuandika aliandikiwa hati na mwingine, akasomewa mbele ya mashahidi, ndipo akatia dole gumba. Kalamu ilikuwa ya mwandishi, ridhaa ikabaki ya mwenye dole. Katika simu, mwenye namba ndiye huhesabiwa kuwa ameridhia. Hata mjukuu mwema (na wengi ni wema) huishia kuyajua maradhi na madeni ya babu yake, mambo ambayo babu angeyasitiri.

Hapa ndipo thamani ya madarasa ya jamii yanayowafunza wazee simu ilipo. Mwalimu anayefaa huweka mikono yake nyuma na kungoja, hata kama kungoja huko ni kwa dakika kumi juu ya kitufe kimoja. Tanzania ilipoufanya 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mafunzo ya kisomo yalimkuta mwanafunzi aliyekwisha kulima, kulea na kuzika. Hakuweza kufundishwa kama mtoto. Bibi wa Kiswahili aliyeko Dubai naye huenda amekhitimu Kurani na kuwaandikia nduguze barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Kumwita asiyejua kusoma kwa sababu menyu ya simu imemshinda ni kumvunjia heshima mlangoni.

Akiachwa achague somo la kwanza, huenda akaanza na sauti. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haumdai tahajia. Kupiga simu kwa programu hiyo hiyo, hata hivyo, kumezuiwa kwa kawaida katika Falme za Kiarabu. Basi hujifunza Botim, kisha humwelekeza dada yake wa Mombasa aipakue naye. Hapo mwanafunzi amekwisha kuwa mwalimu.

Hata hivyo, darasa linaweza kugeuzwa kisingizio. Aliyeuhamisha mlango ndiye mwenye deni la kumwonyesha mzee njia, na deni halilipwi kwa jina la hisani. Mzee anayesema amechoka, anataka karani, hajakosa bidii. Anadai dirisha lililokuwa lake, na darasa zuri kiasi gani halihalalishi kulifunga.

Mwaka 2018 Falme za Kiarabu ziliacha neno la Kiarabu la “wazee” katika lugha ya serikali, zikachagua “wananchi wakubwa”. Ni jina la heshima, lakini lina mpaka: mzee mgeni si mwananchi. Huyu anaweza kuhudhuria masomo yote, akajua kusaini, kulipa na kuweka miadi ya daktari bila msaada. Ukaazi wake bado umo chini ya udhamini wa mwanawe, huhuishwa kila mwaka, na ombi la kuuhuisha hutumwa kwa akaunti ya mwana.